Programu za zamani kuvurugika: kosa ni la luga ao la watu?

Mwezi wa ine 2020, wakati wa Korona, Phil Murphy, liwali wa jimbo la New Jersey huko Marekani, aliomba watu wa kujitolea wenye kujua COBOL. Watu wengi walikuwa wamepoteza kazi na wanangojea feza ya msaada, lakini programu za serkali zilikuwa zimepita miaka 40. Wengi wakatupia COBOL lawama.

COBOL ni luga ya kuandikia ordinatere maagizo. Ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1959. Wakati ule, ukibadilisha mashine, mara nyingi ilibidi uandike programu yote upya. Grace Hopper, afisa wa jeshi la majini, alikuwa amekwisha kuonyesha kama maagizo yanaweza kuandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. COBOL ikafuata njia yake.

Basi fujo ilitoka wapi? Kwanza, agizo GO TO, maana yake «enda kule». Linarusha mashine toka mstari moja mpaka mwingine, mbele ao nyuma. Yakizidi, programu inakuwa kama nyuzi za umeme za avenue ambapo kila mtu amejiungia mwenyewe: ukikata moja, unazimisha kwa jirani. Mwaka 1968, Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika kulikemea. Mwaka 1985, COBOL ikaongezewa maneno kama END-IF, yenye kuonyesha wazi pahali sharti linaishia. Lakini programu nyingi za zamani zilibaki vile zilivyokuwa.

Pili, kumbukumbu ya mashine ilikuwa bei kali. Kwa kuchunga nafasi, mwaka 1975 uliandikwa 75 tu. Kukaribia 2000, ikabidi kupitia programu dunia nzima, juu 00 ingeweza kusomwa kama 1900.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: watu. Sheria inabadilika, mtu anaongeza mistari mbio mbio, haachi maelezo, anaenda pansio. Mwenye kumfuata anaogopa kugusa, naye anabandika yake pembeni.

Hata luga mpya kama Python haiponyeshe ugonjwa huo. Kijana mwenye kutengeneza programu ya shule ao koperative hapa kwetu aandike pia maelezo: mstari huu unafanya nini, na juu ya nini. Siku moja mwingine ataifungua, na watu watakuwa ku mlango wanangojea feza yao.