Panya Buku na Mabomu ya Msumbiji

Mwezi Septemba, 2015, Jamhuri ya Msumbiji ilitangaza kwamba maeneo yake yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa yamesafishwa. Mabomu hayo yalikuwa masalio ya vita vya ukombozi na vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokoma mwaka 1992. Lakini mkulima aliendelea kupoteza mguu katika shamba lake mwenyewe.

Miongoni mwa waliotumika katika kazi hiyo ni panya buku waliofunzwa Morogoro, Tanzania. Wazo hilo halikuzaliwa katika ghala la silaha. Bart Weetjens, Mbelgiji aliyefuga panya utotoni, alisoma habari za wanyama wadogo waliofundishwa kunusa baruti. Mtaalamu wa panya wa Chuo Kikuu cha Antwerp akashauri achukuliwe panya buku, kwa kuwa huishi miaka mingi na ameizoea Afrika. Mwaka 2000 shirika lao, APOPO, likahamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, nalo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likashirikiana nao.

Panya huyo hunusa baruti, hababaishwi na vyuma chakavu, na kwa wepesi wake halipui bomu. Hata hivyo, akisha kukwaruza udongo, ni mteguaji mabomu mwenye ujuzi anayethibitisha na kuliharibu.

Basi elimu ya mgeni haikuchukua nafasi ya askari, ilimwongezea silaha. Kikosi kinachodharau ujuzi usiovaa sare hulipia dharau hiyo kwa maisha ya watu.