Kwa Nini Gari Huchemsha Likipanda Marangu

Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la hifadhi huko Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Kila tupandapo mita 300 hivi, kiwango cha mchemko wa maji hushuka kwa digrii moja ya Sentigredi. Maji yachemkayo kwenye digrii 100 mjini Tanga, pale langoni huchemka kwenye 94 hivi, na maharage hukawia kuiva.

Gari lipandalo kwa gia ndogo hutoa joto jingi, huku upepo upitao katika rejeta ni mchache. Kinga yake ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana maji, kanieneo hupanda, nayo hupita digrii 110 bila kuchemka. Hapo ndipo hatari ilipo: dereva afunguapo kifuniko injini ikiwa moto, kanieneo huanguka ghafla, na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo na kumbabua uso. Azime injini, angoje hadi ipoe. Maji baridi ya mfongo, yapitayo karibu na barabara nyingi za Uchagani, hushawishi sana. Lakini yakimiminwa katika injini yenye moto, chuma chaweza kupasuka.

Tairi lenye upepo pungufu nalo hujikunja mno kila lizungukapo, na mkunjo huo huzaa joto liwezalo kulipasua. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi; baada ya safari kipimo huonyesha zaidi, na aupunguzaye wakati huo atateremka kesho na tairi legevu.