Taa ya moteri ikiwaka, sikiliza cheni kabla ya kununua sensa



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya vumbi, helmeti na maji safi. Leo tuseme juu ya motokari yako. Labda utauliza: munganga ana neno gani na moteri? Analo. Motokari ikizimika ghafla katika barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi, mbele ya lori la shaba, watu wanaletwa hospitalini. Moteri ikiwashwa ndani ya garaji iliyofungwa, watu wanaletwa pia, na wengine hawafiki.

Cheni na kikaza chake

Ndani ya moteri kuna shafti ya chini, inayozungushwa na pistoni, na shafti ya juu, inayofungua na kufunga valvu. Ya chini ikizunguka mara mbili, ya juu inazunguka mara moja. Zikipishana, moteri inakosa nguvu. Zikipishana sana, katika moteri nyingi pistoni inapiga valvu na kuzipinda. Hapo hakuna tena kutengeneza kidogo.

Katika motokari nyingi, kinachounganisha shafti hizo ni cheni ya chuma. Nyingine zina mkanda wa mpira. Ili cheni isilegee, kuna kikaza. Katika moteri nyingi ni kifimbo kinachosukumwa na springi na presha ya mafuta ya moteri. Basi mafuta yakipungua, au yakizeeka na kuwa kama matope, kikaza kinakosa nguvu na cheni inapigapiga.

Wenye umri wanakumbuka Hilux za petroli za miaka ya 1980 zenye moteri ya 22R. Reli za plastiki zinazoongoza cheni yake zilikuwa zinavunjika. Cheni ikaanza kukwangua kifuniko cha mbele, mpaka maji ya kupoza yakaingia katika mafuta. Moteri ile ya kabureta haikuwa na sensa za shafti. Fundi alikuwa na sikio lake tu.

Motokari za siku hizi zina sensa, ambayo mafundi wa kwetu wanaiita kapteri. Moja inaangalia shafti ya chini, nyingine ya juu. Zinaiambia kompyuta saa ya kuwasha moto. Kompyuta ikiona neno baya, inawasha taa.

Taa haitaji jina la ugonjwa

Mtu akija na homa, hatumpi dawa ya malaria kabla ya kupima damu yake. Homa inasema kuna kitu, haisemi ni kitu gani. Taa ya moteri ni vile vile. Wengi wanaona taa, wanaambiwa «ni sensa», wanatoa mshahara na kununua sensa. Juma moja baadaye taa inarudi, kwa sababu sensa ilikuwa inasema kweli na mgonjwa alikuwa cheni.

Ukichomeka skana, angalia namba. P0335 inasema habari ya shafti ya chini haifiki vizuri. P0340 inasema hivyo juu ya shafti ya juu. Kwa namba hizo, anza kwa waya na sensa yenyewe. Lakini P0016 inasema habari inafika, ila shafti mbili hazipatani. Kwa namba hiyo usikimbilie sokoni. Angalia kwanza mafuta, kisha cheni na kikaza.

Dalili nazo zinatofautiana. Sensa inayokufa haipigi kelele. Moteri inazimika ikiwa ya moto, inapoa, kisha inawaka tena kama si yeye. Cheni iliyolegea inapiga kelele kama vipande vya chuma ndani ya kopo, hasa asubuhi moteri ikiwa baridi. Kelele ya sekunde mbili tatu kisha inanyamaza: kikaza kinaanza kuchoka, au mafuta yanachelewa kufika. Kelele isiyoisha: usiendeshe tena.

Hatua za kufuata

1. Uliza kama munganga anavyouliza. Mafuta yalibadilishwa lini? Kelele ilianza lini? Nani alifungua moteri mara ya mwisho?

2. Moteri ikiwa imezimwa, pima mafuta. Yakiwa chini, ongeza. Yakiwa meusi na mazito, badilisha pamoja na filta. Ukiona chembe za chuma ndani yake, simama hapo na umwite fundi.

3. Asubuhi, uwanjani, mwenzako awashe nawe usikilize upande wa cheni. Simama mbali na feni na mikanda.

4. Zima. Fuata waya wa sensa mpaka mwisho. Tafuta waya uliochubuka, plagi iliyolowa mafuta, boliti iliyolegea. Ncha ya sensa za aina ya sumaku inakusanya vumbi la chuma; ifute. Vumbi la shaba tunalolijua sisi halishikwi na sumaku.

5. Sensa ya nyaya mbili inapimwa kwa mita, na namba inalinganishwa na kitabu cha motokari. Ya nyaya tatu kwa kawaida haipimwi hivyo: fundi anaangalia kama umeme unafika na kama habari inatoka.

6. Ikiwa ni cheni, badilisha cheni, kikaza na reli pamoja. Kabla ya kuwasha, zungusha shafti ya chini kwa ufunguo, kwa mkono, mara mbili kamili. Ikigoma, usilazimishe. Kuna kitu hakiko mahali pake.

Linda mwili wako

Usiwashe moteri ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kusikiliza kelele. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200, na mwili unakosa pumzi mtu akiwa anapumua. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Mama, ukiona bwana au kijana amelegea karibu na motokari inayonguruma, ita watu, fungua milango, zima moteri ukiweza kufika haraka, umvute nje kwenye hewa. Usikae ndani. Mpelekeni hospitalini upesi na mseme ni moshi wa motokari. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Kabla ya kuingiza mkono, zima na utoe waya hasi wa batri. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe moteri ikiwa imezimwa. Vua pete na saa. Shati lenye mikono mirefu na kitenge kinachoning'inia visikaribie mikanda. Watoto wakae mbali.

Mafuta machafu yakikaa juu ya ngozi miaka na miaka yanaweza kuleta kansa. Nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Usiyamwage karibu na kisima wala mtoni.

Ikizimika barabarani

Usizungushe ufunguo mpaka usukani ukajifunga. Usukani utakuwa mzito. Ushike kwa mikono miwili. Breki ina msaada wa mara moja au mbili tu, kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa nguvu, bila kuachia. Washa taa za hatari, toka barabarani, weka alama nyuma, na abiria washuke upande ulio mbali na malori.

Motokari inayozimika hivyo mara moja itazimika tena. Usimpeleke mtoto shuleni nayo kesho yake kwa sababu imewaka. Ipimwe kwanza.