Miligramu moja kwa kila kilo

Kwa miaka mingi dozi ya dawa ya saratani ilipangwa kwa kanuni moja: ipandishwe hatua kwa hatua mpaka mwili ukatae, kisha irudishwe chini kidogo. Kwa kemo za zamani kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake. Ilipohamishiwa kwenye dawa za kizazi kipya, wachache waliuliza kama bado inafaa.

Chukua trastuzumab deruxtecan, inayouzwa kwa jina la Enhertu. Ni kingamwili iliyobebeshwa sumu. Kila molekuli ya kingamwili ina takriban molekuli nane za sumu. Kingamwili huisaka protini ya HER2 juu ya seli na kuing'ang'ania, seli huimeza, na sumu hufunguka ndani. Lakini sumu hii hupenya utando wa seli na kuzifikia seli za jirani, na sehemu ya dawa huishia mahali isikokusudiwa. Madhara yanayohofiwa zaidi ni kuvimba kwa tishu za mapafu. Mgonjwa huanza na kikohozi kikavu, kisha pumzi hukatika akipanda ngazi. Kwa mtu ambaye tayari ana saratani ya mapafu, ni rahisi mno kudhani ni saratani yenyewe imezidi.

Katika utafiti wa DESTINY-Lung01, wagonjwa 91 wa saratani ya mapafu wenye mabadiliko ya jeni ya HER2 walipewa miligramu 6.4 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki tatu. Uvimbe wa saratani ulinywea kwa asilimia 55 yao, matokeo mazuri kweli. Ila asilimia 26 walipata madhara hayo ya mapafu, na wawili wakafariki kwayo.

Ndipo likaja swali ambalo kwa maoni yangu lilistahili kutangulia: je, dozi ya chini ingetosha? DESTINY-Lung02 iligawa wagonjwa 152 kwa kura, 102 wakapata miligramu 5.4 na 50 wakapata 6.4, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata ipi. Uvimbe ulinywea kwa asilimia 49 ya waliopata 5.4 na asilimia 56 ya waliopata 6.4. Madhara ya mapafu: asilimia 12.9 dhidi ya 28.

Utafiti huo haukupangwa kutangaza mshindi kati ya dozi hizo, na watu 50 ni wachache, kwa hiyo pengo la asilimia saba katika kunywea kwa uvimbe silitegemei sana. Pengo la mapafu nalitegemea zaidi, kwa kuwa ile 28 inakaribiana na 26 ya utafiti wa kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha 5.4 kwa saratani hii ya mapafu mwezi Agosti 2022. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imeanzisha mpango wa Optimus, unaozitaka kampuni zitafute dozi inayofaa mapema, badala ya kukimbilia ya juu kabisa.

Kwa mgonjwa wa kilo 55, tofauti hiyo ni miligramu 297 badala ya 352. Kichupa kimoja kina miligramu 100, hivyo hufunguliwa vitatu badala ya vinne.

Hata kwa 5.4 uangalizi haulegezwi. CT skani ikionyesha mapafu yamevimba kabla ya dalili yoyote, dawa husimamishwa mpaka yapone. Dalili zikishaanza, mgonjwa harudishiwi tena dawa hiyo. Kikohozi kipya kiripotiwe siku hiyohiyo, kisisubiri dripu ijayo.