Mchoro wa Kroshia Ukae Kwenye Karatasi, Si Kichwani



Katika shamba letu la chai, hapa magharibi ya Uganda, ukipita kwenye laini jioni baada ya majani kupimwa, utawakuta akina mama wameketi milangoni, uzi mapajani na sindano ya kroshia mkononi. Vitambaa vya viti, vya meza, kofia za watoto wachanga, vyote hufumwa hapo. Fedha yake hununua chumvi, sabuni na madaftari ya shule pale mshahara unapokwisha kabla ya mwezi. Leo tunataka kuzungumza juu ya kazi hiyo, maana nayo ni kazi, na tulipoifanya bila utaratibu ilitutia hasara.

Mwaka 2018 kikundi cha akina mama wa tawi letu kilipata oda ya vitambaa 24 vya migongo ya viti. Tulifurahi, tukatoa fedha katika sanduku la akiba kununua uzi. Akina mama 6 wakagawana, kila mmoja vitambaa 4. Nakshi ilikuwa ya mama mmoja mzee aliyeijua kwa kichwa, na wengine waliitazama mikono yake wakaiga. Siku ya kupeleka mzigo tulivitandaza vyote juu ya meza. Vingine vilikuwa na upana wa sentimita 40, vingine 45. Kwa huyu ua lilikuwa katikati, kwa yule limesogea kando. Mnunuzi akachukua 9, akarudisha 15.

Mwaka uliofuata yule mama alistaafu akarudi kwao, na nakshi akaondoka nayo. Hatuna haki ya kumlaumu. Hatukumwomba kamwe akae nasi iandikwe.

Tangu hapo tumejifunza kubuni na kuandika michoro yetu wenyewe. Si elimu ya chuo. Aliyesoma hesabu za shule ya msingi anaiweza, na asiyesoma kabisa ana nafasi yake, kama tutakavyoona.

Anza na kipande cha kujaribia

Usianze na ua. Anza kwa kujua mkono wako. Chukua uzi ule ule na sindano ile ile utakayotumia, ufume kipande cha mraba, kila upande uzidi kidogo sentimita 10. Kifue, kikauke, kisha weka rula katikati uhesabu: mishono mingapi katika sentimita 10 kwa upana, na safu ngapi kwa urefu.

Hapo ndipo tulipogundua kosa la 2018. Mama mmoja alipata mishono mirefu 30 katika sentimita 10, mwenzake 27. Kitambaa kilikuwa na mishono 121. Kwa mkono wa kwanza hiyo ni sentimita 40, kwa mkono wa pili ni karibu 45. Wote wawili walihesabu sawasawa, hakuna aliyekosea. Mikono ndiyo iliyotofautiana. Dawa yake ni ndogo: mwenye mkono uliolegea apewe sindano nyembamba zaidi, mwenye mkono unaokaza apewe nene zaidi, kisha wapime tena mpaka walingane. Kazi ya kugawana isianze kabla ya hapo.

Kubuni nakshi kwa miraba

Kwa anayeanza, nakshi rahisi kuliko zote ni ile ya miraba. Nunua daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mweupe ni tundu, mraba uliotiwa wino ni sehemu iliyojaa. Chora ua, ndege, jani la chai, au herufi za jina la bibi arusi.

Kila mraba huchukua mishono 3. Mraba wa tundu ni mshono mrefu 1 na vitanzi 2 vya mnyororo. Mraba uliojaa ni mishono mirefu 3. Mwisho wa safu huongezwa mshono 1 wa kufunga ukingo. Basi mchoro wa miraba 40 ni 40 mara 3, yaani 120, na 1 juu yake: mishono 121. Kama safu ya kwanza imejaa yote, anza na mnyororo wa vitanzi 123, uchome sindano katika kitanzi cha 4 kutoka kwenye sindano. Vile 3 ulivyoviruka vinasimama mahali pa mshono mrefu wa kwanza.

Angalia pia kwamba upana wa mishono 3 unalingana na urefu wa safu 1. Kama safu ni ndefu kuliko upana wa mraba, ua la duara litafumika limerefuka kama yai. Kipande chako cha kujaribia kitakuambia mapema, kabla hujamaliza uzi.

Faida kubwa ya mchoro huu ni kwamba hauna lugha. Katika laini zetu kuna Watooro, Wakiga, watu wa Rwanda na wa Kongo, na wako wasiojua kusoma. Mama asiyejua herufi hata moja anahesabu miraba myeupe na myeusi na kufuma sawa na katibu wa tawi.

Kitu cha mviringo

Kitambaa cha duara na kofia vina sheria nyingine. Kwa mishono mirefu, anza na 12 katika mzunguko wa kwanza, kisha ongeza 12 kila mzunguko: 24, 36, 48. Kwa mishono mifupi, anza na 6 na kuongeza 6. Kitambaa kikiinuka kama bakuli, umeongeza kidogo mno. Kikijikunja ukingoni kama pindo la gauni, umezidisha.

Kofia ni duara hilo hilo, ila ukifika kipimo unaacha kuongeza, nayo inateremka yenyewe. Pima kichwa kwa utepe na ugawe kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 48 kinataka duara la upana wa sentimita 15 hivi.

Namna ya kuandika

Karatasi ya mchoro iwe na mambo haya: jina la nakshi, jina la aliyeibuni na tarehe, aina ya uzi na mabonge mangapi, unene wa sindano kwa milimita, idadi ya mishono na safu katika sentimita 10, na kipimo cha kitu kikiisha. Kisha safu zifuatane kwa namba, na mwisho wa kila safu iandikwe jumla ya mishono yake. Jumla hiyo ndiyo mlinzi wako. Ukipotea safu ya 8 utajua hapo hapo, si safu ya 30.

Eleza pia maneno yako. Vitabu vya nje vimewatesa wengi kwa jambo hili: jina ambalo vitabu vya Uingereza huliita mshono mfupi, vitabu vya Marekani huliita mshono mrefu. Kwa hiyo andika juu kabisa, "Mshono mfupi kwetu ni huu, mshono mrefu ni huu," na ubandike kipande kidogo cha kila mmoja.

Ukimaliza, mpe karatasi mwenzako ambaye hakukuona ukifuma. Kaa kando, funga mdomo. Akikwama, usimfundishe kwa maneno. Weka alama mahali alipokwama, urekebishe karatasi. Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote, maana mwenye nakshi huwashwa ulimi.

Hesabu ya jasho letu

Ndugu zetu, mchoro ulioandikwa unatufunulia jambo jingine. Kitambaa cha safu 50, mfumaji akimaliza safu 5 kwa saa, ni saa 10 za kazi. Tulipoiweka hesabu hii mezani, tukatoa gharama ya uzi na kugawa kilichobaki kwa saa, tuliona kwamba bei tuliyokuwa tukikubali haikufikia hata malipo ya kuchuma chai. Miaka yote tulikuwa tukiuza uzi na kutoa jasho bure.

Wala si sisi wa kwanza. Njaa kubwa ya viazi ilipoipiga Ireland kuanzia mwaka 1845, maelfu ya wanawake waliokoa nyumba zao kwa kroshia. Katika mji wa Clones kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1847 na Cassandra Hand, mke wa kasisi. Huko walizoea kugawana: huyu alifuma maua, yule majani, mwingine akaunganisha. Lakini anayejua ua moja tu hawezi kuuza vazi zima. Ndiyo maana tunasema kila mwanakikundi ashike karatasi nzima.

Mwaka 2021 tulipata oda nyingine, vitambaa 18. Wafumaji walikuwa 5, mchoro 1, na kila mkono ulipimwa kwanza. Vyote 18 vilipokelewa, kwa bei tuliyoitaja sisi.

Michoro yetu sasa iko katika faili la tawi, nakala mbili mbili. Nakshi ya yule mama mzee bado haimo. Tumepanga likizo ijayo wawili wetu wasafiri mpaka kwao, na daftari la miraba mkononi.