Mahindi Halali, Machicha Haramu

Mtengeneza bia akishachota utamu wa nafaka, hubaki na machicha yaliyolowa maji na kufuka mvuke. Wafugaji wa Kigali huyaita dreshi, na huyapenda kwa sababu protini ya nafaka hubaki humo. Kilichoondoka zaidi ni wanga.

Tatizo ni kwamba protini haibaki peke yake. Nafaka kama mahindi ikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, sumu inayosababisha saratani ya ini. Chachu haiiui, wala moto wa mtambo hauimalizi. Wanaotengeneza ethanoli ya magari kwa mahindi huko Marekani wanalijua hili vizuri. Theluthi moja hivi ya mahindi hugeuka ethanoli, theluthi nyingine huruka kama hewa ya kaboni, na iliyobaki hukaushwa ikauzwa kuwa chakula cha mifugo. Sumu hukusanyika kwenye hayo mabaki. Chukua mahindi yenye sumukuvu sehemu 10 kwa bilioni, kikomo cha chakula cha binadamu Afrika Mashariki. Machicha yake makavu yatafika karibu 30, wakati Marekani hairuhusu kuzidi 20 kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa. Mkulima hakuvunja sheria yoyote, ila machicha hayafai.

Ndiyo maana sheria ya usalama wa chakula iliyosainiwa Marekani Januari 2011 haikuwaacha wenye mitambo ya ethanoli. Anayeuza machicha anatakiwa kuzichambua hatari mapema, kuzidhibiti, kutunza kumbukumbu na kuwa na mpango wa kurudisha shehena ikiharibika. Hatari yenyewe si kuvu tu: baadhi ya mitambo hutia antibiotiki kuwazuia bakteria wanaoila sukari ya chachu, na mabaki ya dawa hizo nayo huchunguzwa.

Rwanda hakuna kiwanda kikubwa cha ethanoli ya mahindi, lakini sumukuvu ipo tele. Mwaka 2017 watafiti walikusanya sampuli zaidi ya 3,300 za vyakula vya mifugo na malighafi zake nchini. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wastani ulipita sehemu 100 kwa bilioni, mara tano ya kile kikomo cha Marekani. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hubadilishwa na ini lake na kutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kuyachemsha hakusaidii, na Kigali ni mji wa vibanda vya maziwa kila mtaa.

Kiwanda cha Africa Improved Foods cha Kigali kilikataa mahindi mengi ya wakulima kwa sababu ya sumukuvu, hadi kilipoanza kuyanunua yakiwa bado kwenye magunzi, kikayapukuchua na kuyakausha chenyewe. Hatua nzuri. Ila gunia lililokataliwa kwenye geti la kiwanda hicho cha chakula cha watoto huenda wapi? Kwa maoni yangu ukaguzi uanzie hapo, kwa sababu mwenye gunia hatalitupa. Atamuuzia msagaji wa chakula cha mifugo.

Nawe mfugaji, muulize muuzaji cheti cha kipimo. Machicha mabichi yatumie ndani ya siku mbili tatu au uyafukie yasipate hewa, na yakiota ukungu usimpe ng'ombe anayekamuliwa. Ukiacha kumlisha chakula chenye sumu, maziwa yake husafika ndani ya siku chache.