KUMPELEKA MTOTO MJINI BAADA YA MAVUNO



Majamvi yamekunjwa, makonyo yamekwisha pimwa, na wengi wetu tunazo shilingi kidogo mkononi. Hizi ndizo siku ambazo mtoto humsogelea baba yake baada ya sala ya isha akamwambia, "Baba, na mimi nipeleke mjini." Aghlabu sisi wazazi hujibu, "Inshallah," nasi twajua nyoyoni mwetu kuwa neno hilo tukufu tumelitumia mahala pa "hapana".

Leo twapenda kuzungumza juu ya safari hiyo. Twasema khasa na mkulima wa Pemba mwenye mtoto wa skuli, wa miaka minane hata kumi na mitatu, anayetaka kumpeleka Unguja mjini kwa siku tatu au nne.

Kwanza tukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulimchukua kijana wetu mkubwa, naye wakati huo yu darasa la tano. Tulikuwa na shughuli zetu: karatasi ya shamba katika afisi moja, pampu ya kutengenezwa, na jamaa watatu wa kuwajulia hali. Mtoto tukamwambia, "Ukifika utaona." Afisini tukaambiwa tuje kesho, na kesho yake tukaambiwa vile vile. Siku tatu nzima kijana alikaa juu ya mabenchi akitungojea. Tuliporudi nyumbani bibi yake akamwuliza, "Haya mjukuu wangu, mjini umeona nini?" Akajibu, "Nimeona viatu vya watu."

Nyumba nzima ilicheka. Sisi hatukucheka, maana nauli tuliilipa, chakula tulikilipa, na mtoto hakupata kitu. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa kwenda mjini na mtoto ni jambo moja, na kumpeleka mtoto mjini ni jambo jingine. Zamu ya binti yetu mdogo ilipofika tukapanga upya, na haya ndiyo tuliyojifunza.

WAKATI NA FEDHA

Karafuu hazitazami kalenda ya skuli. Msimu ukiwa mkubwa, likizo hupita watu wote wakiwa shambani, na hapana mkono wa kuazima. Basi usimwahidi mtoto tarehe kabla hujaona mikarafuu imebeba nini. Mwambie, "Tukimaliza kuanika, tutakwenda," kisha itimize ahadi. Akose skuli siku zake? La. Ngojea likizo ijayo, na ruhusa iombwe kwa mwalimu wa chuo pia, kwani naye ana haki yake.

Binti yetu alikaa jamvini usiku akichambua karafuu na makonyo, tukamwekea ujira wake katika kibweta. Kazi ya mtoto ni hiyo ya jamvini. Kumpandisha juu ya mkarafuu ni khatari, wala safari ya mjini haina thamani ya mguu uliovunjika. Fedha ile ilikuwa yake. Nasi yetu tuliigawa mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na dharura. Nauli ya kurudia tuliifunga mbali, hata tukaisahau kana kwamba haipo.

Wengi wetu hulala kwa jamaa, na ni jambo jema. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Peleka mkungu wa ndizi na kifurushi cha karafuu, toa khabari mapema, na siku zako uzitaje tangu mwanzo. Mtoto mwenye utulivu hufurahiwa na wenyeji; mtoto aliyechoka humtia aibu baba yake.

BAHARINI

Chagua chombo cha mchana ukiweza. Mpe mtoto chakula chepesi kabla ya kupanda, na ndimu ya kunusa. Mkikaa tu, mwonyeshe jaketi la kujiokolea liliko na namna linavyofungwa. Na ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kuambiwa sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja kuja kwetu ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi, na nyumba nyingi kisiwani zingali zina kilio chake. Tikiti iliyopotea hulipwa na msimu ujao.

JAMBO MOJA ASUBUHI, MOJA JIONI

Hii ndiyo kanuni tuliyoiona inafaa kupita zote. Mtu mzima akilipa nauli hutaka kuona kila kitu, mtoto hawezi. Mpe jambo moja asubuhi jua halijawa kali, arudi ale, asali, alale kidogo, kisha jambo moja jioni. Shughuli zako za afisini zipange siku ambayo mtoto atabaki na shangazi yake.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Karibu yake ndipo palipo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tulimweleza mtoto kuwa tarehe 25 Desemba 2020 upande wake uliporomoka na watu wawili wakafariki, ili ajue kuwa jumba nalo, kama shamba, lisipotunzwa huanguka. Kabla ya kumwahidi mtoto kuingia mahala po pote, uliza kwanza kama pako wazi.

Jioni tulikwenda Forodhani, akawatazama vijana wakijirusha baharini, akala urojo na mishikaki, akanywa maji ya miwa. Siku ya pili tulimpa kazi: ahesabu milango ya nakshi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, autafute ulio na misumari mingi zaidi ya shaba. Mtoto mwenye kazi halii miguu. Kabla ya kuingia vichochoroni alikariri jina la mtaa tuliofikia na nambari yetu ya simu, na tukamwambia, "Ukitupotea, simama hapo hapo, usitutafute, sisi ndio tutakaokutafuta." Darajani, katika soko lililofunguliwa mwaka 1904, alitoa fedha zake mwenyewe. Alizunguka maduka saa nzima, akanunua kalamu za rangi na kanga ya bibi yake. Hatukumwingilia.

SWALI LA MKUNAZINI

Siku ya tatu tulimpeleka Mkunazini, mahala palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873, na ambapo baadaye pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Uani pana sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Binti yetu alisimama kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Baba, hawa walikuwa wakipelekwa wapi?"

Tulimjibu kweli: wengine walipelekwa ng'ambo, na wengine mashambani, Unguja na Pemba, kupalilia na kuchuma karafuu. Akanyamaza. Akauliza tena, "Karafuu hizi hizi?" Tukamwambia, "Hizi hizi." Tukamweleza kuwa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho kinachotangulia kwa karafuu. Tukamweleza kuwa utumwa ulikuja kuondolewa katika sharia za Zanzibar mwaka 1897, na kuwa leo karafuu anayoichambua yeye huandikiwa ujira wake katika daftari la nyumbani.

Wako wazazi watakaosema kuwa maneno hayo ni mazito kwa mtoto. Sisi twaona kwamba mtoto akiweza kuuliza, aweza kujibiwa, mradi jibu liwe fupi na la kweli, na ashikwe mkono.

Wako pia wanaoogopa kuwa mtoto akiuonja mji atalikimbia shamba. Hofu hiyo tulikuwa nayo. Lakini mtoto asiyepelekwa mjini na baba yake hupelekwa na wenzake, na wenzake hawatampeleka Mkunazini. Kijana wetu wa mabenchi sasa yuko Dar es Salaam, wala hapendi kuulizwa khabari za shamba. Hatusemi ni kwa sababu ya safari ile, lakini twaikumbuka.

Binti yetu naye ataka Dar es Salaam mwaka ambao mikarafuu itabeba vyema. Amekwisha andika orodha: fuvu la Zinjanthropus alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lililohifadhiwa Makumbusho ya Taifa, na treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Tumemwambia achague moja la asubuhi na moja la jioni.

Usiku tuliorudi, bibi yake alimwuliza swali lile lile la zamani. Alieleza mpaka bibi akasinzia na kanga mpya mapajani. Asubuhi yake tulimkuta amesimama chini ya mkarafuu mkongwe ulio nyuma ya nyumba, akataka kujua ulipandwa na nani. Hatukuweza kumjibu. Ilitubidi sote wawili twende kwa mzee wa kijiji tukaulize.

Twawatakia wanachama wote mavuno mema na safari ya salama.